Kwa Nini Kompyuta ya Shangazi Ililala Kila Jumamosi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana, na nilipopata nafasi ya kuandika nikajikuta naandika juu ya jambo ambalo nimelikalia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Ni jambo la kompyuta kwenda polepole. Sisemi ule upolepole wa virusi, wala wa vumbi kwenye feni, wala wa mtu aliyefungua programu thelathini kwa mpigo. Huu ni wa aina yake, na ukishauelewa utauona kila mahali, hata kwenye mashine yako ya leo yenye diski ya SSD. Ndani yake kuna deni pia, lakini hilo tutalifikia.

Mwaka 2008 shangazi yangu alikuwa na duka mjini Thika. Vifaa vya shule, fotokopi, kuchapa barua za watu. Alikuwa vilevile mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini na sita, waliokutana kila Jumamosi alasiri chumba cha nyuma cha duka hilo hilo. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya kuandika programu Nairobi, kijana mwenye majivuno, na nikaona aibu shangazi wa mtu kama mimi kuweka hesabu za chama kwenye daftari la mistari. Nikamwandikia kijiprogramu kwa Python, chenye hifadhidata ya SQLite chini yake. Unachagua jina la mama, unaandika mchango, unabofya Hifadhi. Nikakiweka kwenye kompyuta ya duka, Pentium 4 iliyotumika, diski ya gigabaiti 40, kumbukumbu ya megabaiti 512, na juu yake Ubuntu 8.04 kutoka kwenye CD zile walizokuwa wakitutumia bure kwa posta hadi 2011. (Walimu wangu wa Kiswahili wangetaka niseme tarakilishi. Pale dukani ungesema tarakilishi wangekuuliza hiyo inauzwa bei gani.)

Kwa miezi miwili mitatu mambo yalikuwa shwari. Kisha simu zikaanza.

“Mwanangu, hii mashine yako inalala.”

“Inalala vipi, Shangazi?”

“Nabofya Hifadhi, inaganda. Kipanya kinatembea lakini hakuna kinachofunguka. Nasema Baba Yetu mpaka mwisho ndipo inaamka.”

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na naomba mkishike, kwa sababu baadaye nilikipima kwa saa nikakuta hakupotoka sana. Sala nzima ikisemwa kwa utaratibu ni kama nusu dakika. Nusu dakika kwa kuhifadhi mstari mmoja, jina na shilingi mia mbili. Akina mama ishirini na sita, kila mmoja na mchango, akiba na marejesho ya mkopo, ni mistari sabini na kitu. Piga hesabu uone mkutano ungeisha saa ngapi.

Nikaenda siku ya Jumanne, mashine ikafanya kazi vizuri kabisa. Hata mara moja haikuganda. Nikamwambia shangazi pengine ilikuwa imechoka. (Naam, mtu aliyesomea kompyuta alisema kompyuta imechoka.) Jumamosi ikapiga simu tena.

Basi nikafanya kile ambacho fundi yeyote hufanya asipojua tatizo ni nini: nikaongeza RAM. Nilipita Luthuli Avenue, nikanunua kijiti cha gigabaiti 1 kwa pesa za shangazi, nikakipachika, sasa mashine ina gigabaiti moja na nusu. Jumamosi iliyofuata simu ikaja mapema kuliko kawaida. Kompyuta ilikuwa imekuwa mbaya zaidi. Baba Yetu moja haikutosha tena, alikuwa anaongeza na Salamu Maria.

Hapo ndipo nilipoacha kujifanya najua. Jumamosi moja nikakaa mle dukani tangu asubuhi, terminali imefunguliwa pembeni, vmstat inachapa mstari kila sekunde. Hadi saa nane mchana hakuna kitu. Saa nane na nusu akaingia binamu yangu, mtoto wa shangazi, na diski ya nje mfukoni. Kazi yake ilikuwa kuwawekea wateja nyimbo na filamu kwenye simu na flashi, na kila Jumamosi alirudi kutoka mjini na mzigo mpya, akaumwaga kwenye kompyuta ya duka. (Mambo ya haki miliki tuyaache kwa leo.) Akachomeka, akaburuta folda, akaenda kununua soda. Kwenye vmstat ile safu ya “wa”, yaani muda ambao prosesa imekaa bure ikingojea diski, ikapanda hadi tisini na kitu na kubaki hapo hapo. Chumba cha nyuma mkutano ukaanza. Shangazi akabofya Hifadhi. Nikamsikia ananong'ona, Baba Yetu.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kikitokea, na nitatumia duka lenyewe.

Wateja wakijaa kaunta, shangazi haandiki kila mauzo kwenye daftari kubwa. Anaandika kwenye karatasi iliyo kaunta, haraka haraka, kisha jioni au akipata upenyo anahamishia daftarini. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Programu ikisema “andika faili hili”, kerneli ya Linux haikimbilii diski. Inaweka maandishi kwenye kumbukumbu, kwenye kurasa za kilobaiti 4 kila moja, inaziwekea alama kwamba ni chafu, kisha inaiambia programu “tayari, endelea na shughuli zako.” Kurasa chafu si kurasa mbovu. Ni zile ambazo yaliyomo kumbukumbuni bado hayajafika diskini, kama ile karatasi ya kaunta. Sababu ya kufanya hivyo ni tofauti ya kasi. Kusoma au kuandika kwenye RAM ni suala la nanosekunde mia hivi. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inahitaji zaidi ya milisekunde nane kumaliza mzunguko mmoja tu, bado hujahesabu mkono wake kusogea. Tofauti ni kama mara laki moja. Bila karatasi ya kaunta hakuna duka.

Kuna sheria za lini karatasi ihamishiwe daftarini. Kwenye kerneli za wakati ule, 2.6.24 ikiwemo, mfanyakazi wa chinichini aliamka kila sekunde tano na kuandika kurasa zilizokaa chafu zaidi ya sekunde thelathini. Kurasa chafu zikifika asilimia 5 ya kumbukumbu, alianza kuandika bila kungoja muda. Zikifika asilimia 10, programu yenyewe inayochafua inasimamishwa hadi zipungue. Mmeona neno asilimia? Basi mmeona dhambi ya kijiti changu cha RAM. Asilimia 10 ya megabaiti 512 ni megabaiti hamsini hivi. Asilimia 10 ya gigabaiti moja na nusu ni mia na hamsini. Nilimnunulia shangazi kaunta kubwa zaidi ili karatasi zirundikane zaidi, na mwandishi wa daftari alikuwa yule yule, diski ile ile ya zamani, yenye kusoma na kuandika huku na huko ikienda pengine megabaiti kumi kwa sekunde. Wengi wenu mtasema RAM zaidi ni kasi zaidi, na mara nyingi ndivyo, hasa pale mashine inapokosa nafasi na kuanza kuhamishia programu kwenye swapu. Lakini lile ni tatizo jingine, ingawa mtu aliyekaa mbele ya skrini hawezi kuyatofautisha.

Bado hiyo haielezi kwa nini mstari mmoja wa shangazi ulingojea filamu za binamu. Mstari ule una baiti chache tu, si upite pembeni?

Hapa ndipo panapoingia amri inayoitwa fsync. Kuna programu zisizoridhika na “tayari” ya kerneli. Hifadhidata ni mojawapo. Ukimaliza kuhifadhi, SQLite huita fsync, maana yake: usinijibu mpaka maandishi yangu yafike diskini kweli. Ni kama mteja anayesimama kaunta na kusema, mama, andika kwenye daftari kubwa sasa hivi nikiona. SQLite huita amri hiyo mara tatu au nne kwa kila muamala mmoja, na mimi kwa ujuzi wangu nilikuwa nimefanya kila mstari kuwa muamala wake.

Na mfumo wa faili wa Ubuntu 8.04 ulikuwa ext3. Ext3 ina daftari lake la ndani, ambalo hurekodi mabadiliko kabla hayajafanyika ili umeme ukikatika diski isiachwe nusu nusu. Kwa kawaida yake iliendesha daftari hilo kwa namna iitwayo “ordered”: kabla ya kufunga ukurasa wa daftari, data zote za mafaili yaliyoguswa kwenye ukurasa huo lazima ziwe zimeandikwa diskini kwanza. Zote, za kila mtu. Kwa hiyo yule mteja akisema andika mauzo yangu sasa hivi, mwandishi anamjibu: sawa mama, lakini sheria ya daftari hili hainiruhusu kuandika mstari wako kabla sijamaliza karatasi zote zilizo kaunta. Baiti za shangazi zikakaa nyuma ya megabaiti mia na hamsini za filamu, na wakati diski inazishughulikia, diski ya nje ya binamu inaleta nyingine, kisha SQLite inaita fsync ya pili, na ya tatu. Nilijaribu kumshusha binamu daraja kwa nice, nikajaribu ionice, wapi! Anayeandika kwa niaba ya wote ni kjournald, mtumishi wa kerneli, na yeye hana habari ya daraja la binamu.

Sikuyagundua haya kwa akili zangu, nisije nikajisifu. Juni 2008 Firefox 3 ilikuwa imetoka, nayo ilianza kuweka historia na alamisho zake kwenye SQLite, na watumiaji wa Linux wenye ext3 wakapiga kelele dunia nzima: kila ukibofya kiungo huku unanakili faili kubwa, dirisha linaganda. Nilipoisoma hadithi hiyo nikasimama pale saiba, nikacheka peke yangu. Watu wakubwa kule Marekani walikuwa wakisema Baba Yetu pamoja na shangazi.

Na katika majadiliano yale yale nikaona dawa. Mbili. Ya kwanza, mstari mmoja kwenye SQLite: PRAGMA synchronous=OFF. Inaiambia hifadhidata isiite fsync tena, iridhike na “tayari” ya kerneli. Ya pili, kubadilisha namna ya ext3 kutoka ordered kwenda “writeback”, ambapo daftari halingojei data za mafaili. Waliozieleza dawa hizo walieleza pia hatari zake, tena kwa herufi nzito. Nyaraka za SQLite zinasema waziwazi kwamba ukizima usawazishaji, umeme ukikatika hifadhidata yaweza kuharibika. Nilisoma. Sitawadanganya kwamba sikusoma. Niliwaza, umeme utakatika mara ngapi katikati ya sekunde hiyo hiyo?

Nikazitumia zote mbili. Jumamosi ile mkutano uliisha saa kumi. Hifadhi ilikuwa inajibu kabla kidole hakijanyanyuka kwenye kipanya. Shangazi aliwaambia akina mama mbele yangu, huyu ndiye niliyewaambia, na nikapewa chapati za kubeba.

Sasa mtakumbuka mwaka 2009 ulikuwaje. Mvua zilikosa, mabwawa ya Mto Tana yakapungua maji, na Agosti tukaingia kwenye mgao wa stima. Duka lilikuwa na UPS, lakini betri yake ilikuwa imekufa zamani, ilibaki kulia kama kifaranga tu. Jumamosi moja ya mwezi huo, binamu akiwa ananakili kama kawaida na shangazi akiwa amefika jina la ishirini hivi, stima ikapotea.

Iliporudi jioni, programu ilifunguka na kuonyesha ujumbe mmoja wa Kiingereza ambao naujua kwa moyo hadi leo, wa kusema taswira ya hifadhidata imeharibika umbo. Shangazi akapiga simu. Nikaja Jumapili asubuhi na moyo umenipanda kooni.

Nilifungua faili lile kwa hexdump. Mwanzo wake ulikuwa sawa, majina ya akina mama yanasomeka. Katikati palikuwa na mambo yasiyoeleweka. Na karibu na mwisho, pale ambapo michango ya Julai na Agosti ilipaswa kuwa, nikakuta maandishi yanayosomeka vizuri sana: barua ya mtu kuomba kazi ya udereva. Jina lake, shule aliyosomea, namba ya simu. Barua iliyochapwa dukani, ikatolewa printa, ikafutwa. Hilo ndilo hasa lile “ordered” lililokuwa likizuia. Namna ya writeback huruhusu daftari kusema “faili la chama limeongezeka, sehemu yake mpya iko pale diskini” kabla maandishi yenyewe hayajafika pale. Stima ikikatika katikati, pale diskini pana kile kilichokuwapo zamani, na kinakuwa sehemu ya faili lako. Ule upolepole wa Jumamosi ulikuwa ulinzi wa mambo mawili kwa pamoja, hesabu za akina mama na siri ya dereva yule, na mimi niliuona kama kasoro ya kurekebishwa.

Nakala ya akiba niliyokuwa nimeiweka kwenye flashi ilikuwa ya Machi. Miezi mitano imepotea.

Walizijenga upya hesabu kwa Jumamosi tatu, kila mama akija na kijitabu chake, wengine na vipande vya karatasi, wengine na kumbukumbu ya kichwani tu. Hapakuwa na matusi, ila palikuwa na kimya, na kimya cha akina mama wa chama nadhani mnakijua. Mmoja alisema alirejesha mkopo wote, vitabu vya wengine havikuonyesha. Mwisho pakabaki tofauti ya shilingi 11,400 ambazo hakuna aliyeweza kuzieleza, na shangazi, kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina, akazilipa mfukoni mwake. Mama mmoja alijitoa chamani kabla ya Krismasi. Shangazi akarudi kwenye daftari la mistari, na kijiprogramu changu akakiita “kile kitu”.

Na mimi nilisema nini? Nilisema, “Ni stima, Shangazi.” Mwaka ule stima ilibeba lawama za kila mtu na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Nimefuatilia mambo haya tangu hapo, kama mtu anayepita mara kwa mara mahali alipopatia ajali. Ext4, iliyotangazwa kuwa imara katika kerneli 2.6.28 mwishoni mwa 2008, ilipunguza sana hili la mafaili kuburutana. Lakini kwa kuchelewesha maandishi zaidi, ilileta kilio chake: mapema 2009 watu waliozimikiwa mashine walikuta mafaili yao ya mipangilio yamebaki na baiti sifuri. Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, akawaambia waandishi wa programu kwamba walipaswa kuita fsync. Nao wakajibu kwamba waliacha kuiita kwa sababu ext3 iliwafanya waiogope! Nilisoma mabishano yale nikiona pande zote mbili zina haki, na pande zote mbili zinanitazama mimi. Ts'o alikubali kuongeza viraka vya kuwaokoa walioacha kuita, na mzozo ukahamia kwenye orodha ya barua pepe ya kerneli ilipotoka 2.6.29, Machi mwaka huo. Toleo la 2.6.30 lilifanya writeback kuwa chaguo la kawaida la ext3, uamuzi ambao baadaye ulirudishwa nyuma. Nilijisikia nafuu kidogo kujua kwamba kosa langu liliwahi, kwa muda, kuwa sera.

Baadaye yakaja marekebisho ya upande wa foleni. Toleo 3.2, Januari 2012, lilimfanya anayechafua kumbukumbu apunguzwe mwendo taratibu badala ya kusimamishwa ghafla, na toleo 4.10 la Februari 2017 likaleta kazi ya Jens Axboe ya kuzuia maandishi ya chinichini yasiizibe diski. Na msidhani ahadi ya fsync yenyewe haina tundu: mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua kwamba diski ikishindwa kuandika, Linux yaweza kuripoti kosa mara moja, kisha kuziona kurasa zile kuwa safi, hivyo ukiita tena unajibiwa kwamba yote ni sawa. Siku hizi PostgreSQL ikipata kosa hilo inajizima kwa makusudi na kuanza upya kutoka kwenye daftari lake.

Mnaotumia Linux mnaweza kuona haya kwa macho yenu. Fungueni terminali:

watch -n1 'grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo'

Kisha nakilini filamu ya gigabaiti 2 kwenda kwenye flashi ya bei rahisi. Mtaona Dirty inapanda haraka, mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho kwa sekunde chache, halafu Dirty inashuka polepole, polepole kabisa. Flashi nyingi za aina hiyo huandika megabaiti 8 kwa sekunde au chini ya hapo, kwa hiyo gigabaiti 2 ni dakika nne na zaidi, na katika dakika hizo filamu yenu haiko kwenye flashi, iko kaunta. Ndiyo sababu unaambiwa subiri kabla ya kuchomoa. Viwango vya kawaida siku hizi ni asilimia 10 na 20, na kwenye mashine ya gigabaiti 16 hiyo yaweza kuwa gigabaiti mbili au tatu za karatasi. Linus Torvalds mwenyewe alilalamikia viwango hivi mwaka 2013. Mimi kwenye mashine yangu nimeacha asilimia, nimeweka vm.dirty_background_bytes kuwa megabaiti 64 na vm.dirty_bytes kuwa 256. Kunakili kunaonekana kwenda taratibu zaidi. Haijanisumbua.

Na kile kijiprogramu? Dawa halisi ilikuwa rahisi kiasi cha kuchukiza. Kukusanya mistari yote ya mkutano na kuihifadhi kama muamala mmoja, fsync nne badala ya mia tatu. Na kumpa binamu sehemu yake ya diski, yenye mfumo wake wa faili na daftari lake, ili filamu zisishike foleni moja na chama. Usiku mmoja wa kazi. Niliufanya usiku huo Oktoba 2009, nikapeleka Thika, shangazi akaniambia niweke chai kwanza, na kile kitu hakikufunguliwa tena.

Mwezi uliopita nilienda kumsalimia. Duka alishamwachia binamu, yeye sasa anafuga kuku. Tulikaa nje, na sijui ni nini kilinisukuma, nikamwambia. Nilimweleza karatasi na daftari, mteja anayetaka kuandikwa akiona, filamu za binamu, mistari miwili niliyobadilisha. Alisikiliza huku anachambua mboga.

“Kwa hiyo ilikuwa inalala kwa sababu inaandika.”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Na wewe ukaifundisha kusema imeandika kabla haijaandika.”

“Ndiyo.”

Akachambua majani mengine matatu manne.

“Elfu kumi na moja na mia nne,” akasema. Hakuhitaji kuulizwa, hakuwa ameisahau hata senti. “Simu unayo hapo?”

Nikatoa simu.

“Tuma. Na ya kutolea.”